Kabla hujaweka dole gumba kwenye karatasi ya mtoto

Wasichana wanaoletwa kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, wengi huja na karatasi tayari mkononi. Ni ukurasa uliochanwa kwenye kaunta buku, umeandikwa kwa kalamu ya bluu, chini kuna majina ya mashahidi na muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji, umepigwa upandeupande. "Mimi fulani nimempa fulani mtoto wangu kwa hiari yangu." Wenyewe wanaiita agrimenti. Halafu wananiuliza, kwa sauti ya chini, kama bado wao ni mama wa yule mtoto.

Ndiyo, mdogo wangu, bado wewe ni mama yake. Agrimenti ya LC inatosha kuuziana ng'ombe, haitoshi kumhamisha mtoto. Kwa Sheria ya Watoto ya Uganda, mwenye uwezo wa kumfanya mtoto wako awe wa mtu mwingine ni mahakama peke yake. Mtoto na wanaotaka kumwasili, yaani kumchukua awe wao kabisa kisheria, wakiwa wote raia wa Uganda, kesi inakwenda kwa Hakimu Mkuu. Mmoja wao akiwa si raia, inakwenda Mahakama Kuu. Sisi wa mpakani hapa ndipo tunapojisahau: Mkenya ni mgeni mbele ya sheria hii hata kama nyumba yake iko ng'ambo tu ya geti na nyanya mnanunua soko moja.

Mimi nilijifungua nikiwa msichana, baba wa mtoto ameshabadilisha laini ya simu. Kliniki ilikuwa ya mtu binafsi na bili ilinishinda. Nikiwa bado kitandani alikuja mama mmoja, kavaa vizuri, ana maneno laini, ana fomu ya Kiingereza na kile kidau cha wino wa dole gumba. Akasema watalipa bili yote, mtoto atasomeshwa, nami nitapewa kitu cha kuanzia biashara. Shangazi yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunja nepi. Shule aliiacha mapema, lakini ndiye aliyesema, "Mama, hiyo fomu tusomee kwa lugha tunayoijua, mpaka pale mwisho." Yule mama akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Sijui mpaka leo alikuwa nani, na sitamtungia. Ninachojua sasa ni kwamba hakimu haruhusiwi kutoa amri ya kuasili mpaka aridhike kwamba hakuna aliyelipa wala kulipwa kwa ajili ya mtoto, isipokuwa kile ambacho mahakama yenyewe imekikubali. Kwa hiyo bili ya kliniki, simu mpya, "asante kidogo" kwa mama mzazi au kwa mjomba wake, vyote hivyo vinaharibu kesi. Na vinaweza kufika mbali zaidi, maana tangu 2009 tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Mtu wa kukusaidia atakusaidia hata ukibaki na mtoto wako. Anayefungamanisha msaada na mtoto amekuja sokoni.

Sasa ile sahihi yenyewe. Kuasili kunahitaji ridhaa ya wazazi wanaojulikana. Baba anayejulikana naye huulizwa, hata kama hamkuoana, kwa hiyo usikubali kuambiwa uandike "baba hajulikani" ili mambo yaende haraka. Shangazi, mjomba au wazee wa ukoo hawawezi kuridhia kwa niaba yako. Na jambo ambalo karibu kila msichana akilisikia hukaa chini: ridhaa yako unaweza kuiondoa wakati wowote kabla amri ya mahakama haijatolewa. Hata kama uliweka sahihi mwezi uliopita, hata kama wale watu wameshanunua kitanda cha mtoto, huna haja ya kujificha. Nenda ofisi ya probesheni, ile ya ustawi wa jamii ya wilaya, au mahakamani useme nimebadili nia, na uliandike.

Amri ikishatoka, hapo ni habari nyingine, wala sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Haki zako za uzazi zinakwisha, zinahamia kwa wazazi wapya, na mtoto anarithi kwao kama waliyemzaa. Ile ahadi ya kwamba utakuwa unamtembelea kila Idi au kila Krismasi ni ya mdomo, watu wakihama imehama nao. Ndiyo maana sheria inamtaka hakimu ahakikishe mama ameelewa kwamba ni kwa kudumu. Akikuuliza kama umeelewa nawe hujaelewa, sema hapana. Kiingereza kikikupita, omba mkalimani. Hakuna aibu.

Watu wengi waliumizwa hapohapo kwenye kutoelewa. Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili na mwenzake kwa mpango wa kuasilisha watoto. Wazazi wa vijijini walikuwa wameahidiwa kwamba watoto wanapelekwa Kampala kusoma. Waliwakabidhi wakidhani ni shule. Kabla ya hapo, wageni wengi walikuwa wakichukua amri ya ulezi tu, yaani kibali cha kumlea mtoto bila kumwasili, na kupanda ndege naye. Marekebisho ya 2016 yaliufunga mlango huo: ulezi wa kisheria sasa ni wa raia wa Uganda, na mgeni anayetaka kuasili lazima awe amekaa nchini angalau mwaka mmoja na kumlea mtoto mwaka mmoja chini ya macho ya afisa wa probesheni, isipokuwa mahakama ikubali sababu ya kipekee. Mtu akikuambia mtoto atakuwa Ulaya mwezi ujao, muulize amri hiyo imetolewa na mahakama gani.

Lakini kabla ya kufika huko, ni nini hasa kinakusukuma? Kama ni pesa, baba ana wajibu wa matunzo, na kesi ya matunzo unaweza kuifungua hata ukiwa bado mjamzito. Akikana, mahakama inaweza kuamua kama ndiye baba. Pa kuanzia ni karibu: makamu mwenyekiti wa LC1 ndiye mwenye dhamana ya mambo ya watoto kijijini, akishindwa kuna mahakama ya familia na watoto. Kama ni shule, miongozo ya Wizara ya Elimu ya 2020 inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani mtoto akifika miezi sita. Mwalimu mkuu akikuzungusha, lipeleke jambo hilo mpaka kwa afisa elimu wa wilaya. Na kama una chini ya miaka 18, aliyekupa mimba ana kesi ya jinai. Hilo ni la polisi, kitengo cha familia na watoto, wazee wasilimalize kwa mbuzi.

Kuna pia njia za katikati, ambazo hazisemwi kwa sababu hakuna anayefaidika nazo. Ndugu anaweza kumlea mtoto. Mahakama inaweza kutoa amri ya uangalizi, isiyozidi miaka mitatu, mtoto akakaa kwa familia iliyochunguzwa huku wewe ukijipanga. Na kuna ulezi wa kisheria, ambao ndio niliouchagua mimi. Wanangu wenye imani kama yangu wanajua aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab, waiteni kwa baba zao. Sikutaka nasaba ya mtoto ifutwe. Mume na mke wa Mbale, raia, wakaomba ulezi. Mtoto ana jina lake, ananijua, shule analipiwa na wao. Ulezi unaisha akifika miaka 18, na mlezi akienda kombo mahakama inaweza kumwondoa. Si dawa ya kila mtu. Nimewahi kukaa na msichana aliyebakwa, akataka kukata kabisa, akakata kwa njia ya mahakama. Sioni kwa nini mtu amnyooshee kidole.

Ila usiamue maziwa yakiwa bado yanakuuma. Siku zile za kwanza kifua kimejaa, khanga imelowa, hujalala, kila anayekuja na neno la upole anaonekana malaika. Mwambie yeyote asubiri. Anayekataa kusubiri amekujibu.

Ofisi ya probesheni iko makao makuu ya wilaya. Tarajia foleni, na mara nyingine afisa yuko kijijini kwa kesi nyingine. Rudi tena, usiondoke na kumwachia ujumbe askari wa getini. Namba 116, inayoitwa Sauti, hupigwa bure kwa jambo lolote la mtoto. Wanasheria wanawake wa FIDA Uganda, ambao wamekuwepo tangu 1974, husaidia wasio na uwezo, vilevile mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society, chama cha mawakili. Nenda na mtu mzima unayemwamini, anayeweza kuuliza pale wewe unapolia.

Na mtoto asajiliwe NIRA, mamlaka ya taifa ya vitambulisho na usajili, kwa jina lako kabla ya jambo lolote. Kuna mchezo wa kumwandikisha mtoto kliniki kwa jina la mwanamke mwingine kana kwamba ndiye aliyejifungua, ukishakubali hilo utapata kazi ngumu kuthibitisha kwamba ni wako. Ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa unayopewa unapotoka, na kadi ya chanjo, kaa nazo wewe. Watu wakitaka, watoe fotokopi wakiwa mbele yako.