Mafuta ya alizeti na maji: nini hutokea mpakani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninakamua alizeti Kibaigwa. Nikitikisa mafuta na maji ndani ya chupa, hutengana baada ya muda mfupi. Nikitia sabuni, hubaki kama maziwa. Kwa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mafuta huelea kwa kuwa lita yake moja ina takriban gramu 920, ilhali ya maji hukaribia 1,000; lakini uzito hauelezi kwa nini havichanganyiki. Molekuli za maji, yaani chembe ndogo mno zinazoyaunda, huvutana zenyewe kwa nguvu kuliko zinavyovutana na za mafuta, hivyo uso wa mpaka kati ya mafuta na maji hujikaza mithili ya ngozi, ukijipunguza kadiri uwezavyo. Tazama chupa yako kwa karibu: vitone ni vya mviringo, na viwili vikigusana, mara nyingi huungana kuwa kimoja kikubwa. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili, moja ikishika maji na nyingine mafuta. Hujipanga mpakani, hulegeza mkazo huo na kuvizuia vitone visiungane. Kama maji yako ni ya kisima chenye chokaa, sabuni ya mche huganda utando mweupe kabla ya kufanya kazi hiyo, basi jaribu kwa maji ya mvua (wala usitumie mafuta ya kuuza!).