Udongo umekuwa kama tofali? Kabla hujaongeza samadi soma hii

Mkuu, umesema samadi umemwaga debe kwa debe na bado tuta ni gumu, maji yanatiririka juu juu na mchicha umedumaa. Mi nilipitia hayo hayo, bustani yangu ipo Kihonda hapa Morogoro, na tatizo halikuwa samadi, tatizo nilikuwa naua kila kinachoishi ndani ya udongo.

Kila msimu nilikuwa nachoma majani yote, nalima mara mbili mpaka vumbi, halafu nafagia maana kwetu bustani yenye majani chini inaonekana ya mvivu. Sasa jua la Januari linapiga udongo ulio uchi, na nyungunyungu anapumua kwa ngozi, lazima iwe na unyevu, atakaaje hapo? Anazama chini kabisa au anakufa.

Kwa hiyo funika kwanza. Natandaza nyasi kavu, majani ya migomba, mabua yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne hivi, na mama mkwe alipokuja akauliza huu uchafu wa nini, lakini masika yalipoisha nikafunua nikakuta vile vichuguu vidogo vidogo vya nyungunyungu vimejaa tuta zima, nilifurahi jamani! Siku hizi namwaga ndoo nzima sehemu moja na maji yanazama. Ila miche ikiwa midogo matandazo yasiguse shina, jongoo na konokono wanajificha humo wanatoka usiku kula. Na maranda ya seremala usiyachanganye kwenye udongo, vijidudu vikianza kuyaozesha vinamaliza naitrojeni yote, kile chakula cha mmea kinachofanya majani yawe kijani, mi yaliniponza chainizi tuta zima likawa njano.

Hiyo samadi unaiweka mbichi? Kama ni ya kuku inaunguza mizizi. Irundike na majani mabichi na makavu, nyunyizia maji, chomeka kijiti kirefu mpaka katikati, baada ya siku kadhaa ukichomoa kiwe cha moto na kina unyevu. Kikiwa kikavu ongeza maji, kikinuka uvundo geuza lundo lipate hewa. Yangu naiacha miezi 3, mpaka inukie udongo wa msituni. Alizeti mwitu, ile ya maua ya njano kando ya barabara, kata uweke humo inaoza haraka sana.

Halafu usipande sukuma na mchicha tu mwaka mzima. Kuna kuvu nzuri zinazoshikana na mizizi ya mimea mingi zikaisaidia kuvuta fosforasi, chakula kingine cha mmea, sasa sukuma haishikani nazo na mchicha hivyo hivyo, kwa hiyo zinakosa pa kuishi. Ingiza kunde katikati. Zikianza maua ng'oa shina moja uangalie vinundu kwenye mizizi, pasua kwa kucha, ndani kukiwa na wekundu basi bakteria wanafanya kazi, wanavuta naitrojeni ya hewani, kukiwa na ukijani au weupe hawafanyi kazi. Ukimaliza kuvuna usizing'oe, kata shina tu, mizizi iozee hapo hapo.

Na jembe lipumzike, mi natifua pale tu ninapopanda.

Kesho ukishamwagilia chimba kashimo kamoja, urefu, upana na kina sentimita 20, pekua udongo wote kwa mkono uhesabu nyungunyungu, hata wakiwa sifuri andika, utalinganisha baadaye. Halafu niambie tuta lako lina ukubwa gani na nyasi unapata wapi, tuone kama zitatosha.