Taja alama yako ya wito kila unapomaliza na mtu

Mkuu, acha huo mpango kabisa. Umeuliza antena gani na bendi ipi zitakuletea wapigaji wa kawaida kwenye CQ WW, yale mashindano ya dunia ya redio ya ridhaa, halafu katikati umechomeka kwamba alama yako ya wito, yaani herufi na namba zinazokitambulisha kituo chako, utaitaja kila baada ya watu kumi ili kuokoa muda. Hapo ndipo utakapoumia, hata mnara uwe mrefu vipi.

Timu yetu iliambiwa hivyo hivyo na mkongwe mmoja wa mashindano. "Wote wanakujua," alisema. Wanakujua wapi? Jumamosi ushauri wake ulionekana dhahabu, kwa sababu wanaokuita siku hiyo ni washindani wenzako: wana klasta kwenye skrini, ile orodha ya mtandaoni ya vituo vilivyosikika, wanabofya tu, alama yako wameshaisoma kabla hawajakusikia. Jumapili mchana hao wamekwisha, maana kituo kinahesabiwa mara moja tu kwa kila bendi. Anayebaki ni mtu wa kawaida mwenye wati 100 na antena ya waya, anazungusha nobu taratibu kwenye bendi ya mita 15. Hahangaiki na pointi. Anatafuta nchi ambayo hana, pengine afikishe zile nchi 100 za tuzo ya DXCC, au anataka kujua waya wake mpya unafika wapi. Anawapenda nyie kwa sababu antena zenu kubwa zinamsikia hata akiwa hafifu, na mambo ni mafupi: 59 (ripoti ya usikivu), namba ya kanda yake ya dunia, kwaheri. Hata mwenye aibu ya kuongea anaweza.

Lakini hakuiti mpaka ajue wewe ni nani!

Nilisikiliza rekodi yetu baadaye, nikaumia. Kati ya wapigaji wawili kuna sauti nyembamba inataja alama ya nchi ambayo hatukuwa nayo bendi ile, kisha inauliza, "Alama yako tafadhali?" Opereta wetu anamjibu mwingine. Inauliza tena. Halafu kimya. Ile haikuwa pointi moja, mkuu. Nchi mpya ni kizidishi, inazidisha pointi zako zote za saa 48. Sekunde alizotuokolea yule mkongwe aje azichukue mwenyewe, sizitaki!

Na hata hizo sekunde ni uongo. Anayekuita bila kukujua atakupa 59 yake kisha akuulize alama yako, ujibu, arudie, huku foleni inavunjika. Wengine mlishawasiliana tangu jana na wanarudi tu kwa kutojua, nao hawakuongezei kitu.

Kwa hiyo kila "asante" iandamane na alama yako, kila mtu, bila kuruka. Bendi ikipoa Jumapili itaje mara mbili, polepole, kwa alfabeti ya kimataifa (Alfa, Bravo, Charlie), si maneno ya kujibunia. Ukimsikia anayesitasita, mngoje amalize.