Nondo sita nilizookoa kwenye slabu

Slabu ya kwanza niliyosimamia ilikuwa ya nyumba yetu wenyewe, Dar es Salaam: urefu mita 10, upana mita 3, unene milimita 150, imekalia kuta mbili ndefu. Nondo kuu, zile za upande mfupi, fundi alizipanga vizuri. Zinazokatiza, za mm 8, nikakuta zimeachana nusu mita.

"Fundi, mbona mbalimbali hivi?"

"Bosi, hizo hazibebi kitu. Tunaokoa nondo."

Nikakubali. Mchoro ulisema sentimita 25, yaani nondo 13. Sisi tuliweka 7. Kabla mwaka haujaisha ufa ukatokea katikati, ukakatiza toka ukuta hadi ukuta, sambamba na nondo kuu.

Fundi alisema kweli nusu. Mzigo hazibebi sana, ila zege likikauka hunywea, na kuta zinalishika lisisogee. Zege halivumilii kuvutwa, litapasuka tu. Kazi ya nondo hizo ni kuugawa mpasuko uwe vijiufa vingi vyembamba kama unywele, badala ya mmoja wa kuingiza maji.

Kanuni ya zege ya Uingereza, BS 8110, ambayo wenyewe waliiondoa mwaka 2010, ilitaka angalau asilimia 0.13 ya eneo la mkato wa zege kwa nondo ngumu zenye vijimistari. Nondo laini ilikuwa 0.24. Kwa slabu yangu, hiyo 0.13 ni milimita za mraba 195 za chuma kwa kila mita. Nondo ya mm 8 ina kama 50, kwa hiyo kila sentimita 25 unapata 201. Sisi tulikuwa na 100 hivi.

Kiwango hicho kilizihusu hata nondo kuu. Zege likipasuka, mvuto wote linaoubeba unahamia kwenye chuma ghafla. Chuma kikiwa kiduchu kinakatika bila kukupa dalili. Lakini msije mkamwambia fundi aweke "minimamu" kila mahali. Nondo kuu hupigiwa hesabu ya mzigo, na mara nyingi inadai zaidi.

Siku hizi naenda saiti na futi kamba na mizani. Nondo ya mm 8 yenye mita 12 inatakiwa ikaribie kilo 4.7. Ikija na unene halisi wa mm 7, karibu robo ya chuma imeshapotea hata kabla fundi hajaanza kuokoa.

Ule ufa nimeuziba mara mbili. Umerudi.