Shangazi, naogopa nusu kaputi, na kumwambia mama ndiyo naogopa zaidi

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, nauza vitenge Mwanjelwa. Nina kilo 128 na urefu wa sentimita 162. Sukari ninayo tangu mtoto wa pili, na presha ikafuata. Kujinyima nimejinyima, nikapungua kilo sita, zikarudi nane. Mwaka huu daktari ameniambia ninafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, nimepangiwa Dar es Salaam na zimebaki wiki tano. Baba watoto yuko upande wangu. Tatizo ni mimi. Usiku silali vizuri. Naamka ghafla nimekabwa koo, natweta kama niliyekimbia kupanda mlima Loleza. Mama mkwe anasema ni jinamizi. Nashika simu, naangalia video za waliofanyiwa, nyingine za waliokufa. Mchana nakula kama naaga: juzi chipsi kuku, jana vitumbua saba nikiwa nimesimama. Mama yangu yuko Tukuyu, hajui lolote. Nikienda kwake anapika ndizi, mbalaga, anakaa na kigoda mlangoni, ananiangalia mpaka nimalize sahani. Nikibakiza, anauliza nani kaniudhi. Nitamwambiaje kwamba mwanawe hatamaliza sahani tena? Je, nighairi?*
*Mama Wawili, Uyole*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kifo umekigusa kidogo tu, tena cha watu wa kwenye simu. Sahani ya mama yako umeieleza hadi kigoda anachokalia. Nitafika Tukuyu, lakini kuna jambo halisubiri.

Huko kukabwa koo usiku, usikubali kuwe jinamizi mpaka daktari aseme. Mama mkwe hana nia mbaya, anataja anachokijua. Leo muulize baba watoto: je, nakoroma, halafu nanyamaza kabisa kama mtu aliyezimika, halafu nashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu? Akisema ndiyo, huenda koo lako linajifunga usingizini na pumzi inakatika, pengine mara nyingi kwa usiku mmoja. Kwa watu wenye uzito kama wako ni jambo la kawaida sana. Linachosha mchana, linapandisha presha, na mtu anayeamka anatweta gizani atakosaje kuogopa? Sehemu ya hofu yako inaweza kuwa ni mwili unaohangaikia hewa.

Na hili ndilo daktari wa usingizi, yule wa nusu kaputi, anapaswa kulijua kabla hujafika mezani, kwa sababu dawa zake hulegeza misuli ya koo. Akijua mapema anajipanga: anaweza kukupima, akakupa mashine ya kupuliza hewa kupitia barakoa unapolala, na baada ya upasuaji wakakuangalia kwa karibu zaidi. Asipojua, ndipo hatari inapoongezeka. Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua duka, piga simu hospitali waliyokupangia tarehe, uwaambie kama ulivyoniambia mimi.

Sitakuambia usiogope. Mimi nimepita mlango huo. Miaka kadhaa iliyopita nilitolewa uvimbe kwenye kizazi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilijikunja kitandani wodini nimebana khanga ya marehemu mama yangu, na kila aliyekuja kunitazama aliniambia "jipe moyo", nami moyo sikuuona. Baadaye akaja kijana mmoja, akavuta stuli, akakaa. Akaniuliza kama nina jino la bandia. Akauliza kama nimewahi kulazwa usingizi wa dawa, na kama kuna ndugu yangu wa damu aliyewahi kupata shida na dawa hizo. Akanifungulisha mdomo, akatazama koo kwa tochi. Alipoinuka akasema, "Mama, kesho mimi nakaa pale kichwani kwako, sitoki mpaka uamke." Siku zote nilidhani nusu kaputi ni kuchomwa sindano kisha mtu anaachwa huko aliko. Kumbe chumba kizima kinashughulika na tumbo, na yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi yangu, mapigo yangu na presha yangu, dakika kwa dakika. Nililala usiku ule. Kwa hiyo omba kuonana na mtu huyo mapema, kwa jina lake na sura yake. Mwambie kabisa kwamba unaogopa, maana naye ana njia za kukutuliza asubuhi ile, dawa ikiwemo.

Mtaani utasikia "fulani kakata utumbo". Ulichonieleza ni kupunguza mfuko wa chakula wenyewe. Hupitishwa vifaa vyembamba na kamera kwenye vitundu vichache vya tumboni, na kwa aina inayofanywa zaidi, karibu asilimia 80 ya mfuko huondolewa. Kinachobaki kina umbo la ndizi. Madaktari wenyewe hufananisha hivyo, na sisi tuliokulia Rungwe hatuhitaji mchoro. Sehemu inayotolewa ndiyo inayozalisha kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana wengi husema njaa ile ya kutafuna roho hupungua, walau kwa muda mrefu wa mwanzo. Kwa kilo na urefu wako, uwiano wa uzito na urefu, ule madaktari wanaouita BMI, ni karibu 49, na una sukari na presha juu yake. Hujaupeleka mwili wako kwa ajili ya umbo, hata kama shoga zako watasema hivyo.

Hatari zipo. Mshono wa mfuko unaweza kuvuja, damu inaweza kutoka, damu inaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni. Vifo pia vipo. Kwenye vituo vikubwa vyenye uzoefu ni takriban mtu 1 kati ya 1,000, au pungufu. Lakini hiyo ni hesabu ya dunia, wewe unakwenda kwa daktari mmoja. Muulize yeye, bila haya: umeshawafanyia wangapi? Wangapi walivuja, na uliwafanyaje? Na swali ambalo wagonjwa wa mikoani husahau: nikisharudi Mbeya, saa nane usiku nipate homa, tumbo liume au moyo uende mbio, nampigia nani, na hapa kwetu anipokee nani? Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. Akikasirika, umepata jibu lako.

Yaandike maswali kwenye daftari la duka, usiyabebe kichwani. Na simu hiyo, ikifika saa tatu usiku, mpe baba watoto aiweke chumba kingine. Video ya mtu usiyejua alikuwa na ugonjwa gani, wala alifanyiwa wapi, haikufundishi kitu saa tisa ya usiku. Ukiamka na moyo unadunda, kaa kitako, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne na uitoe taratibu kwa kuhesabu hadi sita, mara kumi hivi, na kama ni mtu wa sala, sali. Hofu haiishi, ila inashuka ngazi.

Sasa vile vitumbua saba. Mwanangu, sikusuti. Wengi wanaosubiri upasuaji huu hula hivyo, kama anayeaga ndugu stendi. Ila jua kinachotokea ndani. Ini limekaa juu ya mfuko wa chakula, na mtu mwenye uzito mkubwa mara nyingi ini lake limejaa mafuta, limevimba. Ndiyo maana wiki mbili hivi kabla ya siku utapewa chakula maalumu chepesi, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Likikutwa kubwa mno, wanaweza hata kuahirisha. Kila kitumbua cha kuaga kinamzibia njia. Na ukianza chakula hicho huku unameza dawa za sukari kama kawaida, sukari inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo uliza kila kidonge lini upunguze na lini usimamishe. Usijipangie. Dawa za mizizi kama unatumia, zitaje pia.

Tena si kweli kwamba unaaga. Utaanza na vya majimaji, kisha vilivyopondwa, kisha vilaini, na baada ya wiki sita hadi nane wengi hurudi kwenye chakula cha kawaida. Ndizi utakula. Zitakuwa vipande vitatu, kwa kutafuna taratibu, na vitamini utameza maisha yako yote, hilo usilidharau. Na mimba, kaa nayo mbali kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Uzito ukishuka, uzazi huamka haraka, wengi wameshtukizwa.

Lakini mwambie daktari kwamba ukiogopa, unakula. Kisu hakifiki hapo. Kama chakula ndicho kilikuwa kinakubembeleza miaka yote, utahitaji kingine, na ni vizuri kukitafuta kabla. Ulizia kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya rufaa ya kanda, hawakai na vichaa tu kama watu wanavyosema. Usichelewe kabisa kama umeanza kuwaza heri ufe, au kama hofu inakuzuia hata kufungua duka.

Unaniuliza ughairi. Nakuomba usiamue usiku. Na kati ya kughairi na kuendelea kuna kusogeza tarehe, ambako hakuna aibu. Ikifika wiki moja kabla na maswali yako hayajajibiwa, au suala la pumzi halijapimwa, mimi ningesogeza. Kama umetanguliza fedha, zisikuburute hadi mezani. Yakijibiwa yote na bado unaogopa, basi unaogopa kama wote tulivyoogopa, na unaweza kwenda hivyo hivyo.

Kuhusu kurudi: Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima umekunja miguu kwenye basi, na kukaa vile ndiko kunakoigandisha damu. Muulize daktari ukae Dar siku ngapi kabla ya safari, na kama atakupa dawa au soksi za kubana. Siku hiyo kaa kiti cha ujiani, na kila basi likisimama, shuka utembee, hata kama kona za mlima Kitonga zimekuchafua moyo.

Tumefika Tukuyu. Mwanangu, mama yako haangalii sahani. Hajui kukuuliza "unanipenda?", wala hajui kukuambia "nakupenda", kwa hiyo anapika, na ukimaliza anapata jibu. Ndiyo maana ukibakiza anatafuta aliyekuudhi. Ukimficha, atasikia kwa mtu wa Mwanjelwa, na siku utakayokula vipande vitatu ukasukuma sahani, atajua umemkataa yeye.

Nenda Jumamosi, peke yako, bila watoto. Usimwambie wakati wa kula. Mkute shambani au akimenya ndizi, ushike kisu umenye naye, maana maneno mazito hutoka vizuri mikono ikiwa na kazi. Anza na sukari na presha, hizo anazielewa. Mwambie tarehe. Atalia, pengine atakasirika, atasema nani kakuroga. Mwache amalize. Kisha mpe kazi: "Mama, nikirudi nitakuwa siwezi kula, nakunywa tu. Namtaka mtu wa kunipikia supu nyepesi na kuichuja, kijiko kwa kijiko, na sitaki apike mtu mwingine." Mwonyeshe karatasi ya hospitali ya vyakula vinavyoruhusiwa, umsomee mara mbili. Kigoda chake ahamishie kwako Uyole.

Na usiende mikono mitupu. Pitia dukani ununue chujio jipya, lile la matundu madogo kabisa.