Kwa nini O'Hare ilifunga njia mbili za kurukia ili ihudumie ndege nyingi zaidi

Swali: Nimesoma kwamba uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, ulifunga njia mbili za kurukia ndege wakati wa upanuzi wake. Uwanja unaotaka kukua unapunguzaje njia? Je, isingetosha kujenga jengo kubwa zaidi la abiria?

Jibu: Ndugu msomaji, njia hizo mbili zilifungwa mwaka 2015 na 2018, lakini katika mpango huohuo zilijengwa nyingine nne mpya, ya kwanza ikifunguliwa 2008 na ya mwisho 2020. Kilichobadilika hasa ni mpangilio wake, na hapo ndipo penye jibu.

Ndege huruka na kutua ikiuelekea upepo. Ndege za zamani, zilizokuwa nyepesi, ziliyumbishwa kwa urahisi na upepo wa ubavuni, ndiyo maana wahandisi wa wakati ule walitandaza njia za kurukia kuelekea pande mbalimbali, hata zikawa zinakatana. Ndege kubwa za leo huvumilia upepo huo kwa kiasi kikubwa zaidi, ila makutano yalibaki. Ndege inayotua kwa mwendo wa karibu kilomita 250 kwa saa haiwezi kusimamishwa njiani impishe mwenzake; mwongoza ndege hulazimika kuizuia ile inayosubiri kuruka kwenye njia ya pili mpaka ile inayotua ivuke makutano au isimame kabla ya kuyafikia. Mawingu yakishuka, marubani hawaonani, nafasi kati ya ndege na ndege huongezwa, na baadhi ya njia huacha kutumika kwa pamoja. Ucheleweshaji wa saa moja Chicago husambaa hadi miji ya mbali, kwa kuwa ndege ileile ina safari nyingine za kufanya siku hiyo.

Njia sambamba huondoa tatizo hilo. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, njia mbili zilizoachana angalau mita 1,035, zikiwa na rada inayofaa, zinaweza kupokea ndege kwa wakati mmoja bila moja kuingoja nyingine, hata katika hali mbaya ya hewa. O'Hare sasa ina njia sita sambamba za mashariki na magharibi, pamoja na mbili za mshazari.

Gharama yake haikuwa ya fedha tu. Mamia ya nyumba katika mji jirani wa Bensenville zilinunuliwa na kubomolewa, na makaburi ya St. Johannes yakahamishwa, nadhani mhandisi yeyote anayechora ramani ya upanuzi anapaswa kulifikiria hilo kabla hajashika kalamu. Baada ya mwelekeo wa safari kubadilika mwaka 2013, malalamiko ya kelele yaliongezeka sana.

Kuhusu jengo la abiria, lingepunguza msongamano wa watu, lakini lisingeongeza hata ndege moja inayotua wakati wa mawingu. Kwa maoni yangu Chicago ilifuata utaratibu sahihi: ilianza na njia za kurukia, kisha mwaka 2018 ikaidhinisha upanuzi wa majengo, kwa sababu baada ya njia kuongezeka, uhaba ulihamia kwenye milango ya kupandia na maegesho ya ndege. Viungio, yaani njia ndogo ambazo ndege hupita kati ya njia za kurukia na majengo, navyo vinahitaji uangalifu, maana njia mpya ya kusini iko mbali na majengo, na ndege iliyotua huko hutambaa kwa dakika nyingi kabla abiria hawajashuka.