Kabla hujatoa maoni kuhusu upandikizaji mimba

Wadogo zangu mnaoanza rotesheni, yaani zamu ya mafunzo, ya magonjwa ya wanawake hapa Mbeya, mtafika kwenye semina ya maadili ya tiba na mtaulizwa msimamo wenu kuhusu upandikizaji mimba, yaani yai na mbegu kukutanishwa maabara kisha mimba kuwekwa tumboni. Semeni mnachoamini. Ila nawaomba mkae kwanza kliniki wiki mbili tatu mkisikiliza. Mimi nilitanguliza maoni, wagonjwa wakaja baadaye, na kuna familia niliyoiumiza.

Semina yetu ilichemka. Mwenzetu Mkatoliki alisimama na waraka wa Vatikani wa 1987, unaokataa mimba kutungwa maabara hata kama yai na mbegu ni za mke na mume. Mwislamu akaeleza kwamba wanazuoni wengi wa Kisunni wanaruhusu, mradi wawili hao wawe ndani ya ndoa na asiingie mtu wa tatu. Kijana wa Kyela akasema mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe, mbegu zitoke zitokako. Mimi nikasema nchi ambayo wajawazito bado wanakosa damu haiwezi kuhangaika na wagumba. Nikapigiwa makofi.

Baada ya miezi miwili nilikuwa kliniki, asubuhi ya Julai, baridi ile mnayoijua. Akaingia mama kutoka Rungwe, sweta juu ya kitenge, na picha ya eksirei ya mirija ya uzazi ameiviringisha ndani ya mfuko wa sukari ili isilowe. Ameolewa miaka tisa. Kapigwa picha, kapimwa homoni, kasafishwa kizazi mara mbili. Mume hajawahi kupimwa hata mara moja, wala hakuna daktari aliyemwita. Tulimwita, akakubali. Majibu yalipotoka, hakukuwa na mbegu hata moja. Nikayasoma kwa sauti, mlango ukiwa wazi, wifi yake mama yule amesimama pale pale. Mume alichukua koti lake akaondoka bila kuaga. Mama alibaki anaikunja ile picha polepole mpaka ikaingia tena mfukoni. Hawakurudi.

Sijasahau. Ndiyo maana nasisitiza mambo ambayo kwenye mihadhara hupitwa haraka. Mwite mume tangu siku ya kwanza, kwa sababu karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, tatizo la mwanaume lina mchango, peke yake au pamoja na la mke. Mweleze namna ya kutoa sampuli ya mbegu: akae siku 2 hadi 7 bila tendo, na ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Mtu akitoa sampuli Tukuyu akapanda nayo daladala kuja mjini kwa baridi ya Julai, mnapima mbegu zilizokwisha kuharibika, kisha mnamvunjia mtu ndoa kwa majibu ya uongo. Atolee hospitalini. Na majibu ni yake. Ndiye anayeamua nani mwingine ayasikie.

Msiandike neno tasa kwenye faili. Andikeni miaka waliyotafuta mtoto na vipimo vilivyofanyika.

Kuhusu sheria, fungueni vitabu kabla ya kubishana, maana sisi tulibishana saa mbili bila mtu kushika sheria hata moja mkononi. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inazungumzia nasaba na vipimo vya vinasaba, lakini haina sura inayosema mama ni nani pale yai linapotoka kwa mwanamke mmoja na mimba ikabebwa na mwingine. Uingereza, alikozaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa maabara, mwaka 1978, walitunga sheria mwaka 1990: aliyebeba mimba ndiye mama mpaka mahakama iamue vinginevyo. Afrika Kusini wana sura nzima ya 19 kwenye Sheria ya Watoto ya 2005, na mkataba wa kumbebea mtu mimba lazima uthibitishwe na Mahakama Kuu kabla mimba haijatungwa. Wao mtoto anazaliwa mama yake akiwa anajulikana kisheria. Hapa kwetu, ndugu wakigombana baada ya mume kufa, hakimu atalitatua kwa sheria iliyoandikwa kwa ajili ya mambo mengine, na atakayesubiri hukumu ni mtoto. Hilo ndilo ningependa kizazi chenu kilipigie kelele, kuliko kubishana kama mtoto wa maabara ni zawadi ya Mungu. Ni mtoto.

Na ile hoja yangu ya damu? Sikuikosea yote, fedha ni chache kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na ugumba maishani, na kwetu mirija mingi huzibwa na maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa mapema na utoaji mimba usio salama. Sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia ugumba huo inafanyika kwenye zahanati, kwa dawa za kawaida, miaka mingi kabla mtu hajafikiria maabara. Anayetibu kisonono vizuri leo pale Mwanjelwa anapunguza foleni ya wanaotafuta mtoto kesho.

Kesho ukiingia chumba cha kliniki, tazama viti. Kikiwa kimoja tu cha mgonjwa, kaombe kingine chumba cha jirani, kiweke kando ya kile cha mama, kisha ufunge mlango.